Kibaraza cha kuogelea nyuma ya boti: cha kwanza kiling'oka na mgeni, cha pili kimemaliza msimu

Baharia Mkavu

Wakuu, habari za siku. Uzi huu niliuahidi tangu mwaka jana kule kwenye uzi wa mashine, nikawa napiga danadana. Leo mvua inanyesha tangu alfajiri, boti iko juu mchangani, sina kisingizio.

Kwa asiyenijua, niko Mafia, Kilindoni. Nina boti ya faiba ya mita 7 na nusu, mashine moja ya nguvu-farasi 60 nyuma. Kuanzia Oktoba mpaka Machi kazi yangu ni kupeleka wageni kuogelea na papa potwe. Kazi hii si kama kuwapeleka watu kisiwani, wakashuka mara moja na kupanda mara moja. Potwe ana safari zake. Mgeni anaingia majini, anamfuata dakika mbili tatu, samaki anazama, mgeni anarudi botini, tunazunguka kumtangulia, mgeni anaingia tena. Asubuhi moja mtu mmoja anapanda na kushuka mara nane, hata kumi. Nikiwa na wageni wanane, hesabu mwenyewe.

Zamani tulikuwa tunawavuta. Vijana wawili, mmoja kwapa hili, mwenzake kwapa lile, "moja, mbili, haya!" na mtu anatua ndani kifudifudi kama jodari. Wapo wanaocheka. Wapo wanaoona aibu, hasa watu wazima na wenye miili, na hao wakishavutwa mara mbili wanakwambia wamechoka, watabaki botini watazame tu. Wamelipa hela nzima kutazama mgongo wa samaki! Na kushuka nako kuna balaa lake: mtu anaruka kutoka ubavuni, puu, potwe huyo kazama. Ukiwa na mahali pa kukaa karibu na maji, unateleza kimyakimya na samaki hana habari.

Ndipo nikaamua kutengeneza kibaraza cha nyuma. Jina ni la vijana wangu, kwa sababu kila tukitia nanga wao ndio wa kwanza kwenda kukaa pale na kahawa.

Sasa cha kwanza. Naomba msinicheke sana.

Nilichukua plywood ya kawaida ya milimita 18, nikaipaka rangi ya mafuta mikono mitatu. Chini nikaweka engo za chuma. Nikaifunga kwenye ukuta wa tezi, yaani nyuma ya boti, kwa skrubu za mbao kutoka nje, nane kila upande, kwa sababu kwa ndani kuna boksi la betri na tangi na mimi nilikuwa na haraka. Matundu nikayaziba na silikoni ile ya madirisha. Na urefu kutoka kwenye maji niliupima boti ikiwa mchangani, kwa kutazama alama ya maji kwenye rangi. Boti tupu! Nilipopakia mafuta, nanga, wageni na kuiweka majini, kibaraza kilikuwa vidole viwili tu juu ya maji. Kila wimbi dogo likija linakipiga kwa chini, pa, pa, pa, kama mtu anabisha hodi.

Siku ya kumi na moja mgeni mmoja, bwana mkubwa wa kilo mia na ushee, alikuwa amesimama ukingoni anavua viatu vya kuogelea. Wimbi likainua tezi, likashuka. Nikasikia kraaa, ndefu, kama unachana khanga. Upande wote wa kushoto ukaenda naye majini. Alitoka na mchubuko kwenye ugoko na kicheko kikubwa. Mimi sikucheka. Nilikuwa naangalia skrubu. Zilikuwa zimetoka nzima, zimenyooka, na kwenye meno ya kila skrubu kuna unga mweusi, umelowa, kama machicha ya kahawa.

Wenye boti za faiba mmeshajua ule unga ni nini. Naendelea baada ya kula.

Nyanza Moja

Uzi bila picha ni chai, porojo tu.

Fundi Faiba

Acha nimalizie mimi wakati mkuu anakula. Ule unga ni moyo wa tezi yake. Boti nyingi za faiba ukuta wa nyuma hauwi faiba tupu. Ni ganda la faiba nje, plywood katikati, ganda jingine ndani, kama andazi lenye nyama. Nguvu ya kubeba mashine inatoka kwenye huo mkusanyiko. Kila skrubu unayopiga bila kuziba sawasawa ni bomba la kupeleka maji kwenye plywood. Maji hayatoki. Mbao inaoza gizani miaka mitano, nje rangi inang'aa.

Kabla hujafunga chochote nyuma ya boti, chukua nyundo ndogo au mpini wa bisibisi ugonge ukuta wote, sentimita tano tano. Palipo pazima panalia kavu, ko, ko. Palipooza panalia bubu, kama unagonga papai lililoiva. Ukipata shaka, toboa tundu la milimita 4 kwa ndani uangalie unga unaotoka kwenye drili. Ukitoka mweupe mkavu, sawa. Ukitoka mweusi umelowa, kibaraza kisubiri, una kazi kubwa zaidi. Na si kibaraza tu, mashine yenyewe iko hatarini.

Dada wa Watamu

Mimi niko Watamu, nafanya kazi na boti za kupeleka wageni kuona matumbawe. Nasoma hapa nikiwa nacheka na huruma pamoja. Haya kaka, umekula?

Baharia Mkavu

Nimekula. Fundi amesema kweli tupu. Niligonga nikakuta upande wa kushoto umekufa eneo la kama sentimita 60 kwa 40, kuanzia kwenye tundu la zamani la kutolea maji mpaka karibu na mashine. Kwa hiyo skrubu zangu hazikuliozesha lile eneo, lilikuwa limeshaoza kabla sijainunua boti. Skrubu zimenifichulia tu. Kuna siku nawaza: yule bwana asingeanguka, ipo asubuhi mashine ya 60 ingeondoka na ukuta wake.

Tulifanya hivi. Tukashusha mashine. Tukakata ganda la ndani kwa grenda, tukaliacha la nje kama lilivyo. Tukakwangua mbao yote iliyooza mpaka tukafika kwenye mbao ngumu yenye rangi yake. Tukaacha wazi siku tisa, mchana jua, usiku turubai na taa ya joto kwa ndani. Hapo kila mtu pwani alikuwa na ushauri. Mmoja akaniambia mwaga dizeli ndani inaua uozo. Wakuu, msimwage dizeli, rezini, ile gundi ya faiba, haishiki kwenye mafuta.

Kisha tukapiga plywood ya baharini, vipande viwili vya milimita 12 kimoja juu ya kingine, vimegandishwa kwa epoksi, vimebanwa na jeki ya gari iliyoegemezwa kwenye ubao wa kukalia. Juu yake mati, zile nyuzi za faiba, na rezini.

Fundi Faiba

Hapo nikukatize. Rezini gani ya juu? Epoksi inashika vizuri kwenye faiba ya zamani ya poliesta. Poliesta juu ya epoksi ni ugomvi, haishiki vizuri. Watu wanachanganya kwa sababu poliesta ni rahisi bei, halafu mwaka wa pili inabanduka kama ganda la yai.

Baharia Mkavu

Epoksi mwanzo mwisho, fundi. Iliniuma mfukoni lakini sikuchanganya. Na kingo za ganda la zamani tuliziparua kwa mshazari mrefu. Ganda lilikuwa milimita 5, mshazari tukaupa sentimita 6, mara kumi na mbili ya unene. Ukikata wima na kujaza, ule mstari utapasuka siku moja.

Hiyo ndiyo iliyonila wiki tatu na hela nyingi. Kibaraza chenyewe siku nne.

Mpemba wa Mkoani

Asalaam alaikum. Baba yangu ni muundaji, mimi nimekulia chini ya mashua. Nataka nisaidie wenye vyombo vya mbao, maana hapa naona faiba tu.

Chombo chenye tezi bapa, mashua kwa mfano, kibaraza kinakaa. Dau lililochongoka kote kote sahau, tengeneza ngazi ya ubavuni tu. Lakini kwenye mbao msifunge bolti kwenye ubao peke yake. Ubao ni ngozi. Bolti ipite kwenye ubao na taruma, au upande kwa upande wa fashini, ishike mfupa. Ukishika ngozi, chombo kikinesa baharini zile mbao zinafunguka, pamba ya kalafati inatoka, na utakuwa mtu wa kufua maji kila saa ukidhani chombo kimezeeka. Hakijazeeka yakhe, umekichanachana.

Na bao la kuzuia kwa ndani, lile la nyuma ya nati, babangu anaweka mbambakofi. Gumu, halinywi maji upesi, halibonyei.

Fundi Faiba

Sheikh hapo kwenye bao la ndani umegusa penyewe. Ngoja niwawekee hesabu, maana watu wanadhani kibaraza kinang'oka kwa sababu bolti ni nyembamba.

Chukua mtu wa kilo 90 amesimama sentimita 50 kutoka ukutani. Kama kibaraza chako kimeshikwa na bolti za juu na za chini zilizoachana sentimita 15 tu, bolti za juu zinavutwa kwa 90 mara 50 gawanya kwa 15. Hiyo ni kilo 300. Mtu mmoja, amesimama kimya. Wakiwa wawili, 600. Wimbi liinue na kushusha, zidisha tena.

Sasa weka mguu wa mshazari kutoka ukingo wa kibaraza kwenda chini ukutani, sentimita 35 chini ya bolti za juu. 90 mara 50 gawanya kwa 35. Kilo 130 hivi. Hujaongeza unene wa kitu chochote, umeongeza urefu wa mguu tu.

Na bolti ya milimita 10 ya stenlesi inabeba zaidi ya tani mbili kabla haijaanza kuvutika. Haikatiki hiyo. Kinachochanika ni ukuta unaoizunguka. Ndiyo maana washa ndogo ya dukani haitoshi, unataka bamba pana kwa ndani ligawanye nguvu. Mimi natengeneza bamba langu mwenyewe: natandika mati na epoksi juu ya kioo kilichopakwa nta mpaka unene wa milimita 8, likikauka nalikata kama biskuti. Halishiki kutu, halibishani na bolti. Ukiweka bamba la alumini na bolti ya stenlesi kwenye maji chumvi bila kutenganisha, alumini inageuka unga mweupe.

Baharia Mkavu

Haya ndiyo niliyokuwa nayatafuta mwaka jana nikayakosa.

Cha pili kilivyo. Tezi yangu ina upana wa sentimita 190. Mashine tulipoifunga tukaigeuza usukani mpaka mwisho kushoto, mwisho kulia, kisha tukaiinua juu kabisa, na kijana anachora kwa chaki kila inapofika. Ikahitaji sentimita 60. Zikabaki 65 kila upande. Kwa hiyo kibaraza ni mabawa mawili, kila bawa upana 65, kutoka nje sentimita 50. Usipime mashine ikiwa imenyooka. Jirani yangu alipima hivyo, alipokata kona ya kwanza mashine ikabamiza bawa.

Fremu ni bomba la stenlesi, mguu wa mshazari mmoja kila kona ya nje, sahani za milimita 6 ukutani. Juu ni mbao za msaji, unene milimita 20, upana 70, zimeachiana mwanya wa milimita 10. Mwanya si urembo. Maji yanapiga kutoka chini, yakikuta ubao mzima yanausukuma wote kama kofi. Yakikuta mianya yanapita, unasikia tu yanapumua. Na mbao zinakaa kwenye fremu kwa bolti ndogo, ili ukitaka kubadilisha moja usibomoe zote.

Urefu safari hii nilipima majini. Tangi limejaa, nanga, maji ya kunywa, vijana na ndugu zao wamekaa mahali pa wageni, bahari imelala asubuhi. Nikapiga alama kwa penseli. Kibaraza kiko sentimita 18 juu ya alama hiyo. Miguu ya mshazari nayo inaishia juu ya maji. Ikizama inachafua maji yanayokwenda kwenye propela, mashine inalia juu bila kusukuma.

Matundu ya bolti: nilitoboa kwa biti ya 16, nikajaza epoksi iliyokolezwa, ikakauka, nikatoboa tena katikati kwa 10 na nusu. Kwa hiyo bolti haigusani na plywood kabisa. Imevaa koti la epoksi. Siku ikivuja, maji yatapita tu, hayatapata mbao ya kula.

Nyanza Moja

Bado chai lakini tamu. Swali la kweli: mimi niko Mwanza, maji baridi, hakuna chumvi. Nikitumia paini na chuma cha kawaida kilichopakwa rangi si inatosha?

Mpemba wa Mkoani

Nani anaogelea huko ziwani na wale mamba?

Nyanza Moja

Mamba, kiboko na kichocho, tumejaaliwa. Kibaraza ni cha kupandia abiria na kuinua ndoo, si cha kuoga.

Fundi Faiba

Chuma kitakaa muda zaidi kuliko baharini, hiyo kweli. Lakini uozo wa mbao ni mbaya zaidi kwenye maji baridi. Chumvi kidogo inazuia ukungu, maji ya mvua na ya ziwa yanaukaribisha. Paini isiyotibiwa utaibadilisha kila msimu. Tafuta mvule.

Na bolti, iwe ziwani au baharini, angalia kichwa. Imechongwa A2 au A4. A4 ndiyo ile wanaita 316, ya baharini. A2 ni 304, baharini inatoa machozi ya kutu ndani ya miezi. Muuzaji atakuletea sumaku akuonyeshe haishiki, "boss hii orijino". Sumaku haitofautishi hizo mbili. Zote hazishiki, au zinashika kidogo. Soma kichwa cha bolti.

Jambo jingine, nati za stenlesi msizifunge kwa mashine ya umeme. Zinapata joto zinang'ang'aniana, hazirudi mbele wala nyuma, unaishia kukata. Grisi kidogo, spana, mkono wa taratibu.

Baharia Mkavu

Yalinikuta hayo kwenye nati mbili. Kijana alikuwa na haraka ya mpira wa saa kumi.

Mswahili Muskat

Salaam kutoka Muskat. Huku boti nyingi zinakuja na vibaraza tangu kiwandani, na mashine nyingine ziko ndani ya boti, moshi unatokea nyuma, chini ya kibaraza chenyewe. Naomba niliseme hili kwa uzito. Moshi wa mashine ya petroli una gesi ambayo haina rangi wala harufu, inalewesha mtu kimya. Mtu amekaa kwenye kibaraza miguu majini, mashine inanguruma polepole, anaanza kuumwa kichwa, analegea, anateleza majini bila kupiga kelele. Mkimtoa mnasema kazama.

Marekani, kwenye ziwa la Lake Powell, watu walikufa hivyo kwenye boti za kulala. Zile zilikuwa na jenereta iliyotoa moshi nyuma, kwenye uwazi chini ya kibaraza. Miaka ya 2000 mwanzoni ikachunguzwa, wakahimizwa kuhamisha bomba la moshi.

Kwa hiyo sheria ya boti yangu ni moja: mtu yupo kwenye kibaraza au ngazini, mashine imezimwa. Siyo gia imetolewa. Imezimwa, na kamba ya kuzimia iko mkononi mwa nahodha. Propela nayo iko nusu mita kutoka kwenye miguu ya watu, tusisahau.

Baharia Mkavu

Shukrani, mkuu. Hapa kwetu mashine iko nje na upepo unapita, lakini tunazima vilevile kwa ajili ya propela. Vijana mwanzo walilalamika kwamba potwe atatuacha. Potwe mwendo wake si wa kutuacha hivyo. Sekunde kumi za kuwasha tena hazijawahi kutunyima samaki.

Dada wa Watamu

Sasa mimi naomba tuongee ngazi, maana mafundi mmeongea bolti mpaka mmesahau mtu mwenye magoti.

Mimi ndiye nasimama nyuma kupokea wageni. Nimeona vibaraza vizuri, stenlesi inang'aa, na ngazi ya vidato viwili inayoishia pale pale juu ya maji. Mama wa miaka 65 atainua mguu vipi mpaka kifuani? Ngazi lazima izame. Vidato viwili viwe chini ya maji kabisa, kidato cha mwisho nusu mita na zaidi chini. Hapo mtu anakanyaga kama anapanda ngazi ya nyumbani, hajivuti kwa mikono.

Pili, vidato viwe bapa na vipana. Bomba la mviringo likikaa katikati ya unyayo mtupu uliolainika na maji linaumiza, mtu anakanyaga anarusha mguu. Tatu, ngazi isining'inie wima ikaingia chini ya boti. Miguu inakimbilia chini ya tezi, mgongo unaning'inia nyuma, unakuwa kama unapanda dari. Weka kizuizi, iegemee nje kidogo.

Na nne ndiyo mnasahau nyote: pa kushika juu. Mtu amepanda vidato, kichwa kiko juu ya kibaraza, mikono inapapasa mbao laini. Anashika nini? Anashika mguu wangu! Weka mkono wa bomba, wima, ukutani, hata mmoja.

Baharia Mkavu

Dada, ulikuwa wapi? La nne nililijua Novemba. Mgeni alishika kofia ya mashine, ikafunguka, nusura vyote viende. Siku hiyo hiyo nikarudi kwa fundi wa kuchomelea. Sasa kuna mkono wa urefu wa sentimita 40 upande wa ngazi.

Ngazi yangu ina vidato vinne na bawaba, inakunjwa juu ya bawa la kulia. Nimeifunga kwa kamba yenye fundo linaloachia kwa kuvutwa, na ncha ya kamba inaning'inia mpaka karibu na maji. Hii ni kwa ajili yangu mwenyewe. Usiku nikiwa peke yangu nikateleza, nikiogelea nyuma navuta kamba, ngazi inashuka. Ngazi inayokunjuliwa kutoka ndani tu haikusaidii ukiwa nje.

Fundi Faiba

Uzito? Tezi imeshuka kiasi gani? Mtu anaongeza kibaraza halafu matundu ya kutolea maji yanakuwa chini ya bahari, boti inakunywa taratibu usiku.

Baharia Mkavu

Mabawa na ngazi jumla kilo 34, tulipima kwenye mzani wa pweza pale sokoni, bawa moja moja. Tezi ikashuka karibu sentimita mbili. Kisha nikawasimamisha vijana wanne juu ya mabawa, wote wazito wa ugali. Ikashuka sentimita 14. Kibaraza bado kilikuwa vidole vitatu juu ya maji, lakini matundu yangu ya deki yalikuwa yameanza kuramba maji. Kwa hiyo kanuni ni watu wawili tu kwa wakati mmoja, mmoja kila bawa. Nimeandika kwa rangi nyekundu ukutani.

Jambo jingine la huku kwetu: bamvua. Boti zetu maji yakipwa zinakaa mchangani. Chombo kikilala upande, kona ya bawa inaweza kugusa chini na kubeba uzito wa boti nzima. Mwezi wa kwanza nilikuta mguu mmoja wa mshazari umepinda kidogo. Siku hizi kabla ya maji kupwa tunaweka magogo mawili pembeni, chombo kinakaa wima.

Mpemba wa Mkoani

Hayo magogo kwetu tunaita magadi. Wazee waliyajua hayo kabla ya stenlesi.

Dada wa Watamu

Na serikali je? Hapa Kenya ukibadilisha boti ya abiria, unaonyesha wakaguzi.

Baharia Mkavu

Hata huku. Wakaguzi wa bara ni wa TASAC, wa Zanzibar ni wa ZMA. Mimi niliwaonyesha kwenye ukaguzi uliofuata. Mkaguzi akapanda juu akarukaruka mara tatu, akainama kutazama nati kwa ndani, akauliza idadi ya watu, nikamwonyesha maandishi mekundu. Basi.

Msimu umeisha Machi. Jana nilifungua bolti moja ya juu upande ule wa kushoto, ule uliooza, kusudi nione. Tundu kavu, epoksi inang'aa, bolti safi kama nilivyoiweka. Nyingine mbili nilizipa robo mzunguko wa spana. Msaji umegeuka kijivu, nauacha hivyo hivyo, ukipaka vanishi unateleza.

Nyanza Moja

Sawa, nimeamini. Sasa picha.

Baharia Mkavu

Picha zilikuwa kwenye simu. Simu iliniponyoka Februari nikiwa nimekaa kibarazani. Mwanya wa mbao ni milimita 10. Simu ilikuwa na unene wa 8. Ilisimama kwa ubavu, ikapita katikati bila kugusa kushoto wala kulia.

Dada wa Watamu

Mimi changu nitaacha 6.